Umenunua punda, siku ya tatu anachechemea: la kufanya kabla ya kumrudisha, kumchoma sindano au kumuuza

Mtabibu wa Amu (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum, na salamu kwa wanajamvi wote.

Nimefanya kazi ya kutibu wanyama kwa miaka mingi hapa kisiwani Lamu na ng'ambo ya Mokowe, na shauri ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mtu amenunua punda kwa fedha alizozikusanya kwa taabu, punda alitembea vizuri siku ya kununuliwa, na siku ya pili au ya tatu ameanza kuchechemea. Mwenye punda huja na hasira, na mara nyingi huwa amekwisha kukata shauri. Ama atamrudisha kwa aliyemuuza, ama atamchoma sindano ili aendelee kubeba mchanga, ama atamuuza haraka kabla watu hawajatambua. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona hayo yote yakifanywa kabla mtu hajainua mguu wa mnyama na kutazama chini yake.

Ninalosema mimi ni kwamba siku ile ile unayomwona anachechemea, kuna mambo mawili ya kufanya kwa pamoja, na hakuna linalosubiri jingine. Mpe muuzaji taarifa, na umpumzishe punda mpaka ukwato wake uchunguzwe. Ukichelewesha taarifa, muuzaji atasema ulimharibu mwenyewe, na itakuwa vigumu kumjibu. Ukichelewesha mapumziko, mguu ambao ungepona kwa juma moja unaweza kumfanya kilema wa kudumu.

Kwanza mtazame akiwa amesimama bila kuguswa. Punda kupumzisha mguu wa nyuma, kwa kuulegeza na kusimamia ncha ya ukwato, ni jambo la kawaida. Mguu wa mbele haupumzishwi hivyo na punda mzima. Ukiona ameutanguliza mbele ya mwingine na kuuweka kwa tahadhari, unamuuma. Akiwa ameegemea nyuma, uzito wote ameutupa visiginoni na anabadilisha miguu mara kwa mara kama aliyesimama juu ya mchanga wa mchana, huo ni uvimbe wa ndani ya kwato, nao ni wa dharura.

Kisha mtembeze mahali pagumu pasipo kokoto, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Tazama kichwa wala usitazame miguu. Anapokanyaga mguu wa mbele wenye maumivu hukiinua kichwa ili kuupunguzia uzito, na anapokanyaga ule mzima hukishusha. Ikiwa tatizo liko nyuma, simama nyuma yake uyaangalie makalio: upande wenye maumivu huinuka na kushuka zaidi kuliko ule mzima. Mzungushe pia, kulia na kushoto, kwa sababu mguu unaoficha maumivu katika njia iliyonyooka huyatoa kwenye kona. Wanunuzi wengi hapa kwetu hutembezewa punda juu ya mchanga wa ufukweni, ambako ardhi laini huficha mengi, na wao hudhani wamekagua.

Hapo ndipo uinue mguu. Sugua wayo kwa brashi na maji mpaka uone rangi yake halisi. Tazama ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati, na mifereji ya pande zake: je, imeoza, inanuka, ina ute mweusi? Tafuta msumari, kigae cha chupa, kipande cha jiwe la matumbawe. Shika ukwato kwa viganja vyote viwili uulinganishe joto lake na ule wa pili. Kisha weka vidole nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato, pande zote mbili, utafute mapigo ya damu. Kwa mnyama mzima mapigo hayo ni hafifu hata utayatafuta kwa muda, lakini ukwato ukiwa na usaha au uvimbe, hupiga kwa nguvu chini ya vidole bila kutafutwa.

Kwa punda na farasi, kilema cha mguu wa mbele kwa kawaida chanzo chake kimo ndani ya ukwato wenyewe, ingawa wenye wanyama hupenda kukisukumia begani. Miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama, nayo ndiyo inayopokea kishindo cha kila hatua juu ya saruji ya vichochoro vyetu. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie «bega limeteguka» kabla ya ukwato kusafishwa, kubanwa kwa koleo na kuchunguzwa.

Linalowaponza wengi zaidi ni jipu la ndani ya ukwato. Uchafu huingia kwenye ufa mdogo, usaha ukajikusanya, na kwa kuwa ukwato hautanuki, shinikizo lake huumiza kiasi cha mnyama kukataa kabisa kuukanyagia. Huonekana kama mguu umevunjika, na nimekwisha kuona punda akitajwa kuwa wa kuchinjwa hali alikuwa na jipu tu. Dawa yake ni mtu anayejua kazi aufungue wayo kwa kisu cha kukatia kwato mpaka usaha utoke, nao huwa wa kijivu au mweusi wenye harufu kali. Baada ya hapo mguu huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, hufungwa kwa kitambaa safi, na kitambaa hubadilishwa kila siku. Mara nyingi mnyama aliyekuwa hakanyagi huanza kukanyaga ndani ya siku chache. Sindano za viuavijasumu bila kulifungua jipu huwa zinaongeza gharama na siku za mateso. Na usisahau kinga ya pepopunda, kwa sababu wanyama wa jamii ya farasi hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi sana, na kidonda cha ukwato ni mlango wake mkubwa.

Yako mengine yasiyopona upesi. Kwato zilizoachwa zikaota mpaka zikapinda kama viatu vya kale hazikatwi kwa siku moja, hurekebishwa kidogo kidogo kwa miezi. Kano iliyochanika nyuma ya mfupa mrefu wa mguu huhitaji mapumziko ya miezi, na huenda isirudi kubeba mzigo kama zamani. Kiungo kilichokwisha kulika hakiponi, hutunzwa tu. Na uvimbe wa ndani ya kwato, ambao kwa punda mara nyingi huletwa na pumba, mkate na mabaki ya ugali anayopewa kwa wingi na watu wenye nia njema, huweza kumwacha na maumivu ya maisha endapo hautashughulikiwa siku za mwanzo.

Juu ya sindano, niseme wazi. Ipo dawa ya maumivu iitwayo fenilibutazoni, ambayo daktari wa mifugo huitumia kwa sababu nzuri. Muuzaji asiye mwaminifu huitumia kumsimamisha punda kilema siku ya kuuza. Punda huimaliza dawa hiyo mwilini upesi kuliko farasi, kwa hiyo hadithi ya «alikuwa mzima jana» huweza kuwa na maelezo hayo. Lakini pia huweza kuwa hayo siyo, na tusimdhulumu mtu: punda aliyetembezwa kutoka bara, akapandishwa jahazini na kurukia gati, anaweza kuumia njiani akiwa amekwisha kuwa mali yako.

Basi utajuaje kilema ni cha zamani? Utazame ukwato wenyewe. Ukuta wake huota kutoka kwenye mstari wa nywele kwenda chini, kwa kiasi kisichozidi sentimita moja kwa mwezi. Ukiona mfereji au pete isiyo ya kawaida imeuzunguka ukwato sentimita tatu chini ya nywele, lililousababisha lilitokea miezi mitatu iliyopita au zaidi, wakati punda alikuwa kwa mwingine. Tazama pia kama ukwato mmoja ni mwembamba na mrefu kuliko mwenzake, kwa sababu ukwato usiokanyagiwa haulikii sawa. Tazama nyama za bega au paja: zilizosinyaa upande mmoja hazikusinyaa kwa siku tatu. Piga picha za haya yote siku hiyo hiyo, picha zenye tarehe, na umwite shahidi.

Wenye maswali wayalete.

Mama Riziki, Mpeketoni

Shikamoo daktari. Nakushukuru kwa maelezo haya, maana yamenikuta mimi. Nina mkokoteni wa kuuzia maji, na nimemnunua punda dume kutoka kwa mchuuzi aliyepita hapa na kundi lake. Alimtembeza mbele yangu na nikamwambia wazi kwamba namtaka kwa ajili ya mkokoteni. Sasa mguu wa mbele wa kushoto haukanyagi vizuri, na leo asubuhi ameugusisha ncha tu. Nilipompigia simu mchuuzi, aliniambia nimfunge mkokoteni hivyo hivyo kwa sababu akipata joto atachangamka. Tena tangu jana hali chakula vizuri. Je, nimsikilize?

Mtabibu wa Amu

Marahaba, mama. Mimi si daktari bali ni mhudumu wa afya ya wanyama, lakini kwa hili nakujibu bila kusita: usimfunge mkokoteni. Wapo wanyama wenye viungo vilivyokakamaa ambao hulegea kidogo wakitembea, na hao hawaponi kwa kutembezwa, wanazoea tu kwa saa chache. Huyu wako, anayegusisha ncha ya ukwato na kuzidi kila siku, anaelekea zaidi kwenye jipu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hilo la kutokula, na umelitaja mwishoni kana kwamba ni dogo. Punda akiacha kula, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga katika damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na hali hiyo huua. Huwapata hasa walionenepa, majike wenye mimba na wale waliotengwa ghafla na wenzao. Punda wako alikuwa kundini, na leo yuko peke yake katika uwanja asioujua, mguu unamuuma. Akipitisha siku nzima bila kula, lihesabu hilo kuwa la dharura kuliko mguu. Mtafutie punda wa jirani asimame karibu naye, mpe nyasi mbichi na maji safi, na umwite daktari wa mifugo wa kaunti leo hii. Daktari akiona inafaa, atampa dawa ya maumivu. Hiyo ni tofauti na sindano ya kumpeleka kazini, kwa sababu mnyama asiyeumwa sana hula.

Kisha umwandikie mchuuzi ujumbe wa simu, kwa maneno ya adabu: kwamba ulimnunua punda siku fulani kwa kazi ya mkokoteni, kwamba ameanza kuchechemea siku fulani, kwamba unamwita daktari, na kwamba unahifadhi haki yako ya kumrudisha. Simu ya mdomo haibaki, ujumbe hubaki.

Mchuuzi wa Garsen

Ndugu mtabibu, mimi nauza mifugo na ningependa upande wetu usikike pia. Mnunuzi huja, hukagua meno, huinua miguu, humpanda, hupatana bei na kuondoka. Baada ya siku kadhaa hurudi na punda aliyefungwa kamba ya nailoni kwenye kifundo mpaka imekata ngozi, anasema nilimuuzia kilema. Nimewahi kurudishiwa punda ambaye alibebeshwa magunia ya saruji siku ile ile aliyofika, na umri wake nilikuwa nimemwambia mnunuzi. Punda wa miaka miwili si wa kubeba. Kama kila anayechechemea atarudishwa, hakuna mchuuzi atakayeweza kufanya biashara hii, na watakaobaki ni wale wasio na anwani.

Mtabibu wa Amu

Ndugu yangu, umesema kweli na nafurahi umeingia. Kamba ya kifundo naiona kila juma, na kidonda chake ni rahisi kukitambua kwa sababu huzunguka mguu mzima, kwa hiyo asimsingizie mtu. Juu ya umri pia nakuunga mkono. Punda hubadilisha meno mawili ya kati ya mbele akiwa na miaka miwili na nusu hivi, yanayofuata mwaka mmoja baadaye, ya pembeni mwaka mwingine, na kabla ya miaka minne mifupa na viungo vyake havijakomaa kwa mzigo mzito. Anayenunua punda mwenye meno ya utoto kwa ajili ya mawe ya ujenzi ananunua kilema cha mwakani.

Ninachokuomba wewe na wenzako ni jambo moja lisilo na gharama: karatasi. Andikeni umri, rangi, alama, hali ya kila mguu na neno kwamba punda hakupewa dawa ya maumivu siku hizo, kisha pande zote mbili zitie sahihi. Karatasi hiyo hukulinda wewe dhidi ya mwenye saruji kama inavyomlinda mama wa Mpeketoni. Na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya daktari wa mifugo kisionekane kuwa usumbufu, kwa sababu kina tarehe na kinaonyesha mnyama ametoka wapi.

Karani wa Sheria, Malindi

Naomba kuongeza upande wa sheria, kwa kuwa watu wengi hudhani mnyama akishalipiwa basi mambo yamekwisha. Hapa Kenya mnyama ni bidhaa kwa mujibu wa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Msingi wake ni kwamba mnunuzi ajiangalie mwenyewe, lakini kuna mambo yanayobadilisha msingi huo. Mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayomtakia mnyama, akategemea ujuzi wake, na ikiwa kuuza wanyama wa aina hiyo ndiyo biashara ya muuzaji, sheria huhesabu kwamba muuzaji ameahidi mnyama anaifaa kazi hiyo. Mama Riziki amesema alitaja mkokoteni mbele ya mchuuzi. Maneno hayo yana uzito mkubwa kuliko anavyodhani.

Kinyume chake, ukinunua kwa jirani asiye mchuuzi, ahadi hiyo ya kisheria haipo, na utabaki na yale tu aliyoyatamka mwenyewe. Kama alisema «miguu yake ni mizima» akijua si kweli, una hoja. Kama alinyamaza nawe hukuuliza, hoja yako ni dhaifu. Na ikiwa ulimkagua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha.

Haki ya kumkataa hupotea usipoitumia ndani ya muda unaofaa, au ukifanya tendo la mwenye mali. Kumbebesha mizigo baada ya kujua kasoro, na zaidi ya hapo kumuuza kwa mwingine, ni kusema umemkubali. Hulazimiki kumsafirisha punda mgonjwa kumrudisha kwa miguu, maana sheria hutosheka na taarifa kwamba unamkataa. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, hukubali mtu ajisemee bila wakili, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Cheti cha daktari wa mifugo na picha zenye tarehe ndivyo vitakavyosikizwa hapo kuliko kiapo cha mtu yeyote.

Ustadh wa Langoni

Assalaam alaykum. Mashauri mengi ya namna hii hapa Lamu huishia barazani na hayafiki mahakamani, kwa hiyo ni vizuri watu wajue fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, inasemaje. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu, mnunuzi aliyekuta kasoro ya zamani ana khiyari ya kurudisha, lakini ni lazima aitumie mara tu anapoijua. Akinyamaza na kuendelea kumtumia mnyama bila udhuru, khiyari imemtoka. Ikiwa mnyama amepata kasoro nyingine mikononi mwa mnunuzi, kumrudisha bila ridhaa ya muuzaji hakuwi tena haki yake, ila ana fidia ya tofauti kati ya thamani ya mnyama mzima na ya mwenye kasoro ile ya kwanza, isipokuwa muuzaji aridhie kumchukua.

Kuna wauzaji wanaosema, «Nakuuzia kama alivyo, sidaiwi aibu (kasoro) yoyote.» Sharti hilo halimwokoi kwa kila jambo. Katika mnyama, humwepusha na kasoro ya ndani ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Aliyoijua akaificha inabaki shingoni mwake, hata kama alitamka sharti hilo mbele ya mashahidi. Mchoma sindano hana pa kujifichia hapo.

Mtabibu wa Amu

Jazakallahu kheri, ustadh. Nimeona kwamba sheria ya serikali na fikihi zinakutana mahali pamoja, kwenye kuchelewa. Ndiyo maana nimesisitiza ujumbe utumwe siku ile ile, kabla hata daktari hajafika.

Kijana wa Diani

Shikamoo mzee. Sisi tunapandisha watalii farasi ufukweni, na tajiri wangu amenunua farasi aliyestaafu mbio za Ngong. Amefika kwa lori akiwa mzuri, baada ya kupigwa viatu vipya ameanza kuchechemea kidogo, akigeuka tu. Je, mambo ni yale yale ya punda?

Mtabibu wa Amu

Marahaba, kijana. Ukwato ni ule ule kwa sehemu kubwa, ila farasi wa mbio ana historia ya miguu ambayo punda hana. Anza na hivyo viatu. Msumari ukipigwa karibu mno na sehemu hai, farasi huchechemea pale pale ukimchoma, au baada ya siku chache ukiibana tu, kwa hiyo mpiga viatu arudi, aigonge misumari mmoja mmoja, na ule utakaomshtua utolewe. Ikiwa si hivyo, daktari ana njia ya kutia ganzi mguu sehemu kwa sehemu kuanzia chini. Ganzi inapomfanya farasi atembee sawa, maumivu yako chini ya hapo, ndipo mnajua picha ya eksirei ipigwe wapi. Farasi wa bei kubwa angepimwa na daktari asiye wa muuzaji kabla ya fedha kutoka, miguu ikunjwe kwa muda kisha akimbizwe, na damu ichukuliwe na kuwekwa ili ipimwe dawa endapo ataharibika mapema. Mwambie tajiri wako kwamba farasi huyo asipandwe na mtu hadi hapo, kwa ajili ya mguu na kwa ajili ya mtalii pia.

Mkazi wa Mokowe

Mtu amenijia na kuniambia kwamba punda kilema ana soko lake, anauzwa kwa wanaotafuta ngozi, na ndiyo njia nyepesi ya kurudisha fedha. Mnaonaje?

Mtabibu wa Amu

Naomba uikatae njia hiyo, ndugu yangu, na naomba kwa moyo wote. Biashara ya ngozi ya punda, inayochemshiwa dawa ya kienyeji ya Uchina iitwayo ejiao, iliwamaliza punda wa watu wengi hapa nchini miaka ile machinjio yalipokuwa wazi, na wizi wa usiku ulienea mpaka wafugaji wakalala na wanyama wao. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Anayekujia usiku na fedha taslimu kwa ajili ya kilema wako, kesho atamchukua mzima wa jirani yako bila kulipa.

Punda wetu wanatibika. Kisiwani Lamu kuna kituo cha punda kilichoanzishwa na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza mwaka 1987, na matibabu yake hayalipiwi. Uko ng'ambo tu, kwa hiyo kivuko cha asubuhi kinatosha kwenda kuuliza. Na ikiwa mnyama hawezi kabisa kupona na anateseka, daktari ampumzishe kwa heshima, yaani amwondolee uhai bila maumivu. Kumsafirisha kwa miguu mitatu kwenda kuchunwa ni jambo ambalo hakuna aliyemtumikisha mnyama anapaswa kulikubali.

Mama Riziki, Mpeketoni

Narudi na habari. Daktari wa kaunti alikuja jioni ile. Alipoubana ukwato kwa koleo karibu na ncha, punda aliruka, akauchonga pale, na usaha mweusi ukatoka kwa nguvu hata ukamrukia mkononi. Amemchoma kinga ya pepopunda na dawa ya maumivu. Nilimletea jike wa jirani, na usiku ule akala nyasi. Sasa anaukanyagia mguu, ingawa bado ni kwa uangalifu. Lakini daktari amenionyesha pia kwamba kwenye ukuta wa ukwato ule ule kuna ufa mrefu, umeanzia karibu na wayo na kupanda, na pete iko sentimita nne chini ya nywele. Anasema majipu yatarudi kama ufa hautatunzwa, na kwamba ni wa tangu zamani. Mchuuzi nimemtumia picha na cheti. Kwanza alikasirika, kisha jana amesema atanirudishia sehemu ya fedha nibaki na punda, au nimrudishe nichukue zote. Nichague lipi?

Mchuuzi wa Garsen

Mama, huyo mchuuzi amefanya la kiungwana, usimwache hivi hivi bila kumshukuru.

Mtabibu wa Amu

Alhamdulillah kwa kula kwake, ndiko nilikokuogopea zaidi.

Uamuzi ni wako, mama, ila mimi ningeuliza mambo mawili kabla ya kujibu. La kwanza ni umri wake na hali ya miguu mingine mitatu. Ikiwa ni punda wa miaka sita au minane, mwenye meno yote makubwa, kwato tatu nzuri na tabia ya upole mkokotenini, ufa mmoja haunizuii kumbakiza. La pili ni kama unaye mtu wa kumkata kwato kila wiki sita hadi kumi bila kukosa. Ufa huo utaisha tu kwa kuota na kushuka mpaka ukatwe wote, na kwa mwendo wa ukwato hiyo ni karibu mwaka. Gharama ya mkataji kwa mwaka huo, pamoja na majuma ambayo mkokoteni utasimama, ndiyo kiasi unachopaswa kumtajia mchuuzi. Akikupa chini ya hapo, mrudishe. Akikubali, andikianeni kwamba shauri limekwisha, ili naye asiamshwe tena usiku kwa punda huyo huyo.

Ukimbakiza, asivute mkokoteni mpaka atembee sawa mahali pagumu, bila dawa ya maumivu mwilini, kwa siku kadhaa mfululizo. Halafu aanze na mkokoteni mtupu, kisha nusu ya madumu, njia ya mchanga kwanza na ya kokoto mwisho. Usafishe wayo kila jioni, na mahali anapolala pawe pakavu, kwa sababu ufa ule ukilala kwenye mkojo na kinyesi utafunguka tena. Pumba zipunguzwe, nyasi kavu ziongezwe. Na yule jike wa jirani, kama mwenyewe anakubali, aendelee kuja hadi dume azoee uwanja.